osd.7 imekufa. Sasa nitoe diski gani?

Wale wenye kunijua wanajua mimi ni mtu wa mihogo. Lisansi yangu ni ya agronomia, na mambo ya kompyuta nilikuwa naishia kwenye Excel na programu ya takwimu. Kwa hiyo musishangae mukiona leo naleta hapa maoni juu ya maandishi ya mafundi wa kompyuta. Sikuyatafuta mimi. Yenyewe njo yalinitafuta.

Maandishi yenyewe ni maelekezo rasmi ya Ceph. Kwa wasioijua: Ceph ni programu huria yenye kuunganisha diski za seva nyingi zikawa ghala moja la data. Ilizaliwa katika kazi ya udaktari ya Sage Weil kwenye Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Makala yake kubwa ilitoka 2006, tasnifu ikafuata 2007. Leo hata CERN kule Uswisi, wale wa kugonganisha chembe ndogo za maada, wanahifadhi data ndani yake. Si kitu cha mchezo.

Kauli yangu naitoa mapema, ili asiye na muda asiangaike: maelekezo ya Ceph ni kati ya maandishi bora ya ufundi niliyosoma, mpaka pale mkono unapotakiwa kugusa chuma. Hapo yananyamaza. Na huko kunyamaza kulikaribia kutula misimu mitatu ya majaribio.

Mradi nilimokuwa nafanya kazi siutaji. Tulikuwa na picha za ndege ndogo zisizo na rubani, vipimo vya udongo, hesabu za mavuno ya mihogo na maharage, kila kitu. Mfadhili alitaka data zikae hapa nchini, wazo ambalo naliunga mkono mpaka leo. Basi zikanunuliwa seva tatu, kila moja na diski nne, na fundi mmoja kijana akaja kusimika Ceph. Alifanya vizuri. Kiisha mkataba wake ukaisha, akaenda kutafuta maisha mahali pengine, na funguo za chumba cha seva zikaniangukia mimi. Sababu? Mkubwa wangu alisema: "Ingé, we njo unasoma Kiingereza mingi." Hiyo tu.

Nikaanza kusoma. Nataka kuwa mkweli hapa, juu ukosoaji wenye hauoni uzuri ni kelele tu: kurasa za mwanzo zilinifurahisha sana. Wanaeleza kwamba data inakatwa vipande, kila kipande kinaandikwa mara tatu, na kanuni yenye kuitwa CRUSH inachagua mahali pa kila nakala kwa hesabu, bila kuuliza daftari lolote la katikati. Nakala tatu haziruhusiwi kukaa kwenye seva moja. Seva moja ikiungua, nyingine mbili ziko na kila kitu.

Yeyote aliyesoma agronomia ataona mara moja: hii ni bloki na marudio! Ni kile kitu Fisher alikijenga pale Rothamsted, chenye walitupigia nacho kichwa tangu mwaka wa kwanza. Hauweki marudio yote matatu ya aina moja ya mhogo kwenye kona moja ya shamba, juu kona ile ikiwa na maji mengi, umepoteza jibu lako. Unatawanya. Ceph inatawanya vilevile, na kurasa zake zinaeleza kwa nini inatawanya kwa upole na mpangilio ambao waalimu wengine wa kwetu wangeuonea wivu.

Lakini munakumbuka kitu cha pili chenye tulifundishwa shambani? Etiketi. Kijiti na kibao mbele ya kila parseli, chenye namba ya bloki, namba ya parseli, na aina. Hata mpango wako wa takwimu uwe mzuri namna gani, siku mvua inafuta wino kwenye vibao, una shamba la mihogo tu. Hauna jaribio tena.

Ceph haina kijiti. Yaani, inacho, lakini kimefichwa nyuma ya kurasa nyingi, na hakuna anayekuambia ukisimike siku ya kwanza.

Nieleze ilivyokuwa. Asubuhi moja nafungua kioo cha usimamizi, naona imeandikwa osd.7 iko chini. OSD ni ile programu ndogo yenye kuchunga diski. Kwa kawaida kila diski iko na yake. Nikasoma ukurasa wa kubadilisha OSD iliyokufa. Ukurasa unaanza vizuri: hakikisha ni salama kuiharibu, itoe kwenye hesabu, ifute. Kiisha unaambiwa ubadilishe diski. Nusu sentensi. Halafu maandishi yanaendelea na amri ya kutayarisha diski mpya, kama vile ile nusu sentensi haina mtu ndani yake, mwenye kusimama mbele ya chuma chenye kuvuma, na milango kumi na miwili yenye kufanana.

Nitoe diski gani?

Nikafikiri: ni ya saba. Hapana, kuhesabu kunaanza sifuri, basi ni ya nane. Hapana tena. Nikatumia amri ya kuonyesha mti, ceph osd tree, nikaona osd.7 iko kwenye seva namba 1. Kumbe namba za OSD zinatolewa kwa utaratibu wa kuzaliwa, si wa mahali. Nikaingia ndani ya seva namba 1 kwa njia ya mtandao, nikaona diski yenye shida inaitwa sdc. a, b, c: ya tatu. Nikafurahi. Nikateremka kwenye chumba, nikahesabu seva kutoka juu, ya kwanza, nikahesabu milango kutoka kushoto, wa tatu, nikavuta.

Makosa mawili katika mvuto mmoja. La kwanza: zile herufi sda, sdb, sdc si anwani. Ni majina yenye Linux inagawa kufuatana na diski gani imeitika kwanza wakati seva inawaka. Ukiwasha tena kesho yanaweza kubadilika, na hayahusiani kwa lazima na mpangilio wa milango. La pili, lenye kuuma zaidi: fundi wetu alihesabu seva kutoka chini. Seva namba 1 ilikuwa ya chini kabisa. Mimi nilivuta diski nzima, yenye afya, kutoka seva namba 3.

Na kulikuwa na jambo la tatu lenye nilikuwa siliangalii. Wiki moja mbele tulifanya matengenezo ya umeme, tukaweka alama ya noout, yenye kuambia Ceph: "Diski ikipotea usiihesabu imekwenda, inarudi sasa hivi." Kwa kawaida, diski ikiwa chini dakika 10, Ceph inaihesabu nje na kuanza kutengeneza nakala mpya mahali pengine. Kwa alama ile, haikutengeneza kitu. Onyo lake lilikuwa pale kwenye kioo kila siku, la rangi ya manjano, na sisi tukalizoea kama mutu anavyozoea jogoo wa jirani.

Matokeo: vipande vyenye vilikuwa na nakala moja kwenye diski iliyokufa na nyingine kwenye diski niliyovuta vilibaki na nakala moja tu. Ceph, kwa mpangilio wake wa kawaida wa nakala tatu, inakataa kuandika au kusoma kipande chenye kimebaki na nakala moja. Inasimama. Na ilisimama. Wenzangu juu wakaanza kuniita kwa simu, mmoja baada ya mwingine: "Ingé, mafolda haifunguke!" Nikarudisha ile diski mlangoni, mashine ikaipa herufi nyingine, na OSD yake ikakataa kuamka. Nikaiwasha upya seva nzima huku mikono inatetemeka, nikangoja. Iliamka. Nilikaa chini sakafuni. Kama ile diski moja ya mwisho ingechoka katika zile dakika, leo ningekuwa naandika barua ya kuomba radhi kwa wakulima waliotupatia mashamba yao misimu mitatu, si makala hii.

Sasa, ukosoaji wangu. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Mtu wa busara angesoma mara mbili. Lakini naomba muangalie jinsi maandishi yale yamepangwa, juu mpangilio wa maandishi unafundisha nini ni cha maana na nini si cha maana.

Kitu chenye nilihitaji kiko ndani ya maelekezo yale. Kipo! Kuna amri ceph device ls, yenye kuonyesha kila diski kwa jina la aliyeitengeneza, modeli, na namba ya seri, pamoja na seva yake na OSD yake. Unaweza kuuliza hata kwa OSD moja: ceph device ls-by-daemon osd.7, na unapata namba ya seri ile ile yenye imechapwa kwenye karatasi juu ya diski. Kuna pia amri ya kuwasha taa ya kutambulisha diski, ceph device light on. Ningeyajua haya asubuhi ile, nisingevuta chochote. Lakini yako kwenye ukurasa wa usimamizi wa vifaa, na ukurasa wa kubadilisha OSD ni mwingine kabisa. Mmoja umeandikwa na mtu mwenye kufikiria programu, mwingine na mtu mwenye kufikiria diski, na anayeteremka kwenye chumba cha seva anapita kati ya hao wawili bila kuambiwa kitu.

Hata ile amri ya taa ina masharti. Kazi yake inategemea kadi yenye kushika diski, programu ya ndani ya kasha, na toleo la kiini cha Linux. Seva zetu ni za bei ya chini. Niliijaribu kiisha, haikuwaka kitu. Maelekezo yanakubali kwamba inaweza kukataa, na namshukuru aliyeandika sentensi hiyo, lakini hayasemi basi ufanye nini ikikataa.

Na kuna fumbo moja lenye sijaona ukurasa wowote unalisema wazi: namba ya seri imechapwa kwenye mwili wa diski, na diski ikiwa ndani ya mlango wake mwili hauonekani. Yaani ili ujue kama ni yenyewe, lazima uivute. Na ukiivuta kama si yenyewe, umekwisha kufanya kosa. Mutu angekuambia kitu hicho kimoja siku ya kusimika, ungeandika namba kwenye utepe na kuubandika mbele ya kila mlango kabla hata ya kuwasha umeme. Dakika 20 za kazi.

Niende kwenye upande mwingine wenye maandishi yanasifiwa sana: afya ya diski na utabiri. Diski nyingi ziko na daftari la ndani lenye kuitwa SMART. Linahesabu sehemu zilizoharibika zikahamishwa (mstari wa 5), sehemu zenye mashaka zinazongoja (197), zenye zimeshindwa kabisa kusomeka (198), na kadhalika. Ceph inakusanya daftari hizo na inaweza kujaribu kutabiri diski gani inakaribia kufa. Kurasa za sehemu hii ziko na sauti ya matumaini, na mimi kama mtu wa magonjwa ya mimea ninaogopa sauti hiyo.

Google walitoa utafiti mwaka 2007, wa Pinheiro, Weber na Barroso, juu ya diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski yenye imetoa kosa lake la kwanza la ukaguzi ina uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyotoa. Hiyo ni dalili kali, na inafaa kusikilizwa. Lakini walikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa na kosa lolote kwenye daftari, ukiacha joto. Zilikwenda kimya. Kwa hiyo dalili ikiwapo, uamini; dalili isipokuwapo, usiamini kitu. Sentensi kama hiyo ingestahili kuwa juu kabisa ya ukurasa wa utabiri, na mimi sikuikuta pale.

Kisha kuna diski yenye kusingiziwa. Jani la mhogo likiwa la manjano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasema mozaiki. Anayejua anaangalia kama jani limejikunja, anageuza upande wa chini kutafuta nzi weupe, anauliza juu ya udongo. Inaweza kuwa njaa ya virutubisho tu. Diski ni vilevile. Ukiona mstari wa 199 unapanda, ule wa makosa ya kusafirisha, na 5 na 197 ziko sifuri, mara nyingi mgonjwa ni waya au kiungio, si diski. Kwetu, pamoja na vumbi na umeme wenye kucheza, hii si habari ya kinadharia: diski moja tuliyokuwa tumeihukumu kufa ilipona kwa kubadilishiwa waya. Maelekezo ya Ceph yanakutuma kwenye smartctl na kwenye ujumbe wa kiini cha mashine, kiisha yanakuacha usome tarakimu peke yako. Ukweli, hilo ni somo la chombo kingine. Lakini njo hapo mtu anaponunua diski mpya isiyohitajika, na diski mpya kufika hapa kwetu si kazi ya siku mbili.

Rafiki yangu mmoja mwenye kufanya mambo haya kwa mshahara alisoma rasimu hii akanicheka. "Yaya, we unalaumu kitabu cha dereva juu hakikukuonyesha garage iko wapi." Anasema waandishi wa Ceph hawawezi kujua kasha la kila mtu, seva ziko za aina elfu, na kazi ya programu inaishia pale chuma kinapoanzia. Nakubali nusu. Ni kweli hawawezi kuniambia mlango gani. Lakini wanaweza kuniambia kwamba kuna swali. Ukurasa wenye kupita kimya juu ya hatua ya hatari unadanganya, hata kama kila neno lake ni kweli. Na katika vituo vikubwa kuna watu wawili: mmoja wa kuandika amri, mwingine wa kuvuta diski, na kati yao kuna karatasi yenye namba ya seri. Maandishi yanachukulia karatasi hiyo ipo. Huku kwetu watu hao wawili ni mutu mumoja, tena amesomea mihogo.

Kuna neno moja bado, la lugha. Maandishi yanatofautisha "down" na "out", na tofauti hiyo ni uhai na kifo: ya kwanza maana yake haipumui, ya pili maana yake imetolewa kwenye hesabu. OSD inaweza kuwa haipumui lakini bado inahesabiwa (njo ilikuwa hali ya osd.7 yangu), na inaweza kuwa inapumua vizuri lakini imetolewa kwenye hesabu. Kwa Kiingereza ni maneno mawili madogo yenye jicho linaruka. Nilipoyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya ukutani, "haipumui" na "haihesabiwi", msaidizi wangu mwenye hajawahi kusoma ukurasa hata mmoja wa Ceph aliyashika kwa siku moja. Sisemi zaidi, wenye kusoma isimu humu ndani watanisaidia.

Mumeniuliza kwenye ujumbe wa faragha tulifanyaje kiisha. Tuliondoa noout, Ceph ikajenga upya nakala usiku mzima kwenye diski tatu zilizobaki za seva namba 1. Kesho yake tukatafuta diski iliyokufa kwa njia ya kimaskini, yenye naipenda kuliko ile ya taa: unazifanya diski nzima zisome mfululizo, moja moja, kwa amri ya dd yenye kumwaga kila kitu kwenye /dev/null, na unaangalia taa gani ya kazi inacheza. Yenye haichezi hata ukiiomba, njo maiti. (Angalifu: ndani ya dd kuna if na of. Ukizikosea unaweza kufuta diski. Msaidizi anasoma kwa sauti, mimi ndipo nabonyeza.) Tulipoitoa tukalinganisha namba ya seri na ile ya ceph device ls kabla ya kuipeleka hata mezani. Zilifanana.

Sasa kila mlango uko na utepe mweupe wenye tarakimu nne za mwisho za seri, na kila seva iko na namba yake kwa rangi nyekundu, kuhesabu kutoka chini, kama fundi alivyotaka. Ukutani kuna mchoro wa milango kumi na miwili, wa penseli, juu diski zinabadilika. Wiki iliyopita mstari wa 197 wa osd.3 ulitoka sifuri ukafika 8. Mlango wa pili, seva ya katikati, mwisho wa seri ni 41K7. Diski mpya tumeagiza Kampala, na bado iko njiani.